Nusu Peni Saba na Maji ya Chumvi

Mwezi Julai 1812, kijana wa miaka 20 aliyekuwa akijifunza kazi ya kujalidi vitabu katika duka moja la Blandford Street, London, alimwandikia rafiki yake barua iliyojaa alama za mshangao. Alikuwa amekata kwa mkono wake visahani saba vya zinki, akavipanga na sarafu saba za nusu peni, na katikati akapachika vipande sita vya karatasi vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Rundo zima lingeweza kufichwa ndani ya ngumi. Alichukua nyaya mbili, moja kutoka juu na nyingine kutoka chini ya rundo, akazichovya kwenye maji yenye chumvi ya haluli, ile dawa ya kuendesha tumbo. Nyaya zikavaa vipovu. Baada ya muda maji yaliyokuwa maangavu yakaingia ukungu, kwa kuwa magnesia iliyokuwa imeyeyuka humo ilikuwa inajitenga. Kijana akajionea kwa macho yake kwamba rundo lile dogo lilikuwa linaivunja chumvi.

Kijana huyo ni Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, ambaye hakuwahi kukanyaga chuo kikuu. Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara katika Royal Institution. Mwaka 1831 akagundua namna ya kuzalisha umeme kwa sumaku na waya, na kanuni hiyo ndiyo inayozungusha mitambo ya Kidatu na ya Jinja mpaka leo. Historia hiyo inajulikana. Mimi kilichonishika zaidi katika barua ile ni orodha ya mahitaji yake. Humo hamna kitu ambacho mtu hawezi kukipata leo asubuhi Gerezani, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, na akabakiwa na nauli.

Betri ilizaliwa hivyo hivyo, ikiwa kitu cha kuundwa mezani. Leo tumeizoea ikija imefungwa ndani ya bati lenye picha ya paka au simba, hata tumesahau kwamba kwa miaka 80 na zaidi ya mwanzo, aliyetaka betri aliitengeneza mwenyewe, au alijua mtu anayeitengeneza, na alikuwa akiiona inavyofanya kazi: metali inalika, maji yanachafuka, vipovu vinapanda.

Wapo watakaotaka nianze mbali zaidi, miaka zaidi ya 1,500 nyuma, kule Iraki. Mwaka 1936, karibu na Baghdad, kilichimbuliwa chungu kidogo chenye bomba la shaba ndani yake, na ndani ya bomba ufito wa chuma, vyote vikishikiliwa kwa lami. Wilhelm König, aliyekuwa akifanya kazi katika makumbusho ya huko, alitoa hoja kwamba hiyo ni betri ya kale. Ni kweli ukitia siki humo utapata umeme kidogo. Lakini ukitia siki popote penye chuma na shaba utapata umeme kidogo. Hakuna waya uliopatikana pamoja na chungu hicho, hakuna maandishi yanayotaja kazi kama hiyo, na wataalamu wengi wa mambo ya kale wanaona vyungu vya namna hiyo vilihifadhia nyaraka. Nakubaliana nao, na hadithi hiyo naiacha hapo.

Tuanzie Bologna, Italia, katika miaka ya 1780. Luigi Galvani, mwalimu wa anatomia, alikuwa akipasua vyura. Aligundua kwamba paja la chura aliyekwisha kufa hurusha teke likiguswa na metali mbili tofauti zilizounganishwa, kwa mfano ndoano ya shaba nyeupe iliyotundikwa kwenye chuma cha uzio. Mwaka 1791 alichapisha maelezo yake: akasema umeme ule ulikuwa ndani ya mnyama mwenyewe, na metali zilikuwa njia tu ya kuutolea. Ulaya yote ikaanza kukamata vyura.

Mmoja wa waliorudia majaribio hayo alikuwa Alessandro Volta, mwenyeji wa mji wa Como na profesa katika Chuo Kikuu cha Pavia. Mwanzoni alimuunga mkono Galvani, kisha akaingiwa na shaka. Mbona teke linakuwa kali metali zikiwa za aina mbili, na linafifia zikiwa za aina moja? Akamweka chura kando akautumia ulimi wake mwenyewe. Weka kipande cha bati chini ya ulimi na sarafu ya fedha juu yake, viguse pamoja kwa mbele, na mdomo unaingiwa na ladha ya ukali. Mswisi mmoja, Johann Georg Sulzer, alikuwa amekwisha kuandika juu ya ladha hiyo katika miaka ya 1750, ila hakujua alichokionja. Volta alijua. Umeme unatokana na zile metali mbili, akasema, na chura anausikia tu.

Galvani hakuishi kuona mwisho wa ubishi huo. Alikataa kula kiapo cha utii kwa serikali mpya iliyowekwa na Wafaransa, akapoteza kazi yake, akafa Desemba 1798. Mpwa wake, Giovanni Aldini, aliendeleza hoja za mjomba kwa namna iliyotisha watu: mwaka 1803 mjini London alitia umeme katika maiti ya mtu aliyetoka kunyongwa, na maiti ikakunja uso na kufumbua jicho mbele ya watazamaji.

Volta alikuwa na shida moja. Umeme wa metali mbili ni kidogo mno, haurushi cheche, hauonekani. Alihitaji kuujumlisha. Njia ya kufanya hivyo aliipata kwa samaki. Wataalamu wa Uingereza walikuwa wamempasua samaki wa jamii ya taa anayepiga watu ganzi, na ndani yake wakakuta nguzo za visahani vidogo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, mamia kwa mamia. Samaki wa jamii hiyo wamo pia katika bahari yetu ya Hindi, na katika Ziwa Tanganyika yuko kambare mwenye tabia kama hiyo, kwa hiyo wavuvi wa huku hawana haja ya kuelezwa ganzi yenyewe ikoje. Volta akaiga nguzo ile: kisahani cha fedha, kisahani cha zinki, kipande cha kadibodi kilicholoweshwa maji ya chumvi, fedha, zinki, kadibodi, mpaka rundo likafika vipande 20, 40 au 60. Ukilishika juu na chini kwa mikono iliyolowa, linakupiga. Linakupiga tena. Na tena, bila ya mtu kulichaji. Alikiita chombo hicho kiungo bandia cha umeme, akimfikiria yule samaki.

Tarehe 20 Machi 1800 aliandika barua kwa Kifaransa kwenda kwa Sir Joseph Banks, rais wa Royal Society ya London. Ulaya ilikuwa vitani na barua ilipaswa kupita katika nchi zinazopigana, hivyo ikaja kwa mafungu mawili: kurasa za kwanza zikatangulia, zilizobaki zikafuata baadaye. Ukiisoma barua hiyo unaona kwamba kwa sehemu kubwa ni mapishi. Chukua sarafu za fedha, au za shaba ukikosa fedha. Chukua zinki, au bati ukikosa zinki. Ukichoka na rundo linalokauka, panga vikombe vya maji ya chumvi, 30 au 60, uviunganishe kwa vitao vya metali, mguu mmoja wa shaba au fedha katika kikombe hiki, mguu mwingine wa zinki au bati katika kile kinachofuata. Hakuna mashine, hakuna kioo cha kuagizia.

Na mapishi yana tabia moja: anayeyapata hasubiri ruhusa. Banks aliwaonyesha watu kadhaa fungu la kwanza la barua kabla fungu la pili halijafika. Mmoja wao alikuwa daktari wa upasuaji, Anthony Carlisle, naye akamshirikisha rafiki yake William Nicholson, mhariri wa jarida la sayansi. Tarehe 30 Aprili wakawa wamekamilisha rundo lao la sarafu 17 za fedha za nusu krauni, vipande 17 vya zinki na kadibodi zenye maji ya chumvi. Ili waya ushike vizuri juu ya rundo walidondoshea tone la maji. Wakaona tone lile linatoa vipovu.

Hapo wangeweza kulifuta na kuendelea. Wakalifuata. Tarehe 2 Mei walijaza maji katika kijibomba cha kioo, wakaingiza waya huku na waya huku, na kwa mara ya kwanza umeme wa betri ukayagawa maji: haidrojeni upande mmoja, na oksijeni upande wa pili, ambayo mwanzoni iliula waya wa shaba nyeupe kabla hawajabadilisha wakaweka wa platini. Nicholson alichapisha matokeo katika jarida lake mwezi Julai. Barua ya Volta yenyewe ilichapishwa na Royal Society mwezi Septemba. Nakala ikatangulia asili sokoni, jambo ambalo leo lingefikishwa mahakamani.

Volta hakuzungumzia kemia hata kidogo, na hapa ndipo mambo yanapokolea. Aliamini kwamba nguvu inatoka kwenye mgusano wa metali mbili, basi. Zikigusana, umeme unatiririka, na utatiririka daima. Maji ya chumvi kwake yalikuwa kiunganishi tu, na kutu iliyokula zinki ilikuwa usumbufu. Mtu aliyewapa walimwengu betri alikuwa na maelezo yasiyo sahihi ya betri, na mapishi yake hayakupungukiwa chochote kwa sababu hiyo. Napoleon alimwita Paris mwaka 1801, akaangalia majaribio, akaagiza apewe medali ya dhahabu. Baadaye akamfanya kuwa mheshimiwa mwenye cheo cha “count”. Jina lake tunalitaja kila siku bila kufikiri, tangu mkutano wa kimataifa wa Paris wa mwaka 1881 ulipopitisha volti kuwa kipimo.

Waliosahihisha maelezo yake ni wale walioiga kazi yake. Humphry Davy, akiwa na betri kubwa katika chumba cha chini cha Royal Institution, mwaka 1807 alitoa potasiamu na sodiamu kutoka katika haidroksidi zake, metali ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Mwaka uliofuata akaongeza kalsiamu, magnesiamu na nyingine. Mtu anayevunja vitu kwa umeme kila siku hawezi kukosa kujiuliza iwapo umeme wenyewe hautokani na kitu kinachovunjika. Faraday, yule wa nusu peni saba, ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1830 kwamba hesabu inalingana: kiasi cha umeme kinachopita kinakwenda sambamba na kiasi cha metali kilicholika. Mgusano peke yake haulipi gharama yoyote, na umeme wa bure haupo.

Leo tunaweza kulisema kwa maneno machache. Zinki ikiwa ndani ya maji yenye chumvi au asidi, chembe zake hupenda kuyeyuka. Kila chembe inayoyeyuka huacha elektroni mbili nyuma yake. Shaba haina hamu hiyo. Ukiunganisha zinki na shaba kwa waya, elektroni zilizoachwa hukimbilia upande wa shaba, na mbio hizo ndizo umeme. Zinki ndiyo kuni ya jiko hili. Shaba ni mahali pa kufikia, haipungui. Maji yanapitisha kinachotakiwa kupita ili mzunguko ukamilike. Na limau la majaribio ya shuleni, ambalo watoto huambiwa kuwa lina umeme, halina umeme wowote. Lina asidi, na asidi inaisaidia zinki ya msumari kuyeyuka.

Jambo hili liko juu ya vichwa vyetu kila mvua inyeshapo. Bati la kuezekea ni karatasi ya chuma iliyopakwa zinki, ufundi uliosajiliwa Ufaransa na Stanislas Sorel mwaka 1837. Bati likikwaruzwa na chuma kikaonekana, maji ya mvua yanakamilisha betri ndogo pale pale kwenye mkwaruzo, na inayolika ni zinki, chuma kikasalimika. Ndiyo maana paa jipya halishiki kutu kwenye kila mkwaruzo, na ndiyo maana likishaanza kushika kutu ujue zinki imekwisha.

Rundo la Volta lilikuwa na kasoro mbili zilizowakera wote walioliunda. Kwanza, uzito wa visahani vya juu ulikamua maji ya chumvi kutoka kadibodi za chini, yakachuruzika pembeni na kuunganisha yasiyotakiwa kuungana. William Cruickshank alilitatua hilo kwa kulilaza rundo ndani ya sanduku la mbao kama hori. Kasoro ya pili ilikuwa ngumu zaidi: betri ilianza kwa nguvu kisha ikalegea. Vipovu vya haidrojeni vilijikusanya juu ya shaba na kuifunika, elektroni zikakosa pa kufikia. Kwa majaribio ya dakika chache haikuwa neno. Kwa kazi ya kutwa haikufaa.

John Frederic Daniell, profesa wa kemia wa King's College, London, alipata jibu mwaka 1836. Aliizungushia shaba maji ya mrututu, ile chumvi ya buluu ambayo wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wanaijua kwa kunyunyizia mibuni. Ndani ya maji ya mrututu mna shaba iliyoyeyuka. Elektroni zikifika upande wa shaba hazitengenezi tena vipovu. Zinaitoa shaba kutoka kwenye maji na kuipaka juu ya shaba iliyopo. Kwa hiyo upande mmoja zinki inakonda, upande wa pili shaba inanenepa, na umeme unatoka kwa utulivu wa volti moja na ushei, saa baada ya saa. Kilichobaki ni kuyazuia maji mawili yasichanganyike. Daniell alianza kwa kutumia koo la ng'ombe. Baadaye kikatumika chombo cha udongo uliochomwa bila kupakwa rangi ya kuzibia, udongo ule ule wa mtungi unaotoa jasho. Kama kuna betri moja ninayoona kila shule ya sekondari ingepaswa kuijenga, ni hii. Rangi ya buluu inafifia huku ukiangalia, na ukiitoa shaba utaikuta imevaa koti jipya jekundu.

Telegrafu ilikula betri za namna hiyo kwa maelfu. William Grove alitengeneza yenye nguvu zaidi mwaka 1839 kwa platini na asidi ya naitriki, na Samuel Morse akaitumia alipofungua laini yake ya Washington hadi Baltimore mwaka 1844. Ila ilitoa moshi wa kahawia unaochoma mapafu, na platini ni ghali. Robert Bunsen akabadilisha platini akaweka kaboni. Moshi ulibaki.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote katika historia hii ni cha mwaka 1866. Miaka minane kabla, kebo ya kwanza ya telegrafu ilikuwa imelazwa chini ya Atlantiki kutoka Ireland hadi Newfoundland. Fundi mkuu wa umeme wa mradi, Wildman Whitehouse, aliamini kwamba safari ndefu inahitaji msukumo mkubwa, akasukuma umeme wa karibu volti 2,000. Kebo iliyogharimu mali nyingi ikafa baada ya wiki chache. Mwaka 1866 kebo mpya ikafanikiwa, na ile ya mwaka uliotangulia, iliyokuwa imekatikia baharini, ikavuliwa na kumaliziwa. Sasa zikawa mbili. Mhandisi Latimer Clark, akiwa kituo cha Valentia huko Ireland, aliomba waunganishe kebo hizo mbili upande wa Amerika ziwe njia moja ya kwenda na kurudi. Akaazima kwa binti wa mwenyeji wake subana ya fedha, ile kofia ya kidole ya mshonaji. Akatia humo matone ya asidi na kipande kidogo cha zinki. Fedha, asidi, zinki. Umeme wa subana ukavuka Atlantiki mara mbili, ukarudi chumbani pale pale na kukigeuza kioo kidogo cha kupokelea ishara. Whitehouse sijui alikuwa anasoma nini siku hiyo.

Mwaka 1879 kebo ya aina hiyo ilifika Zanzibar kutoka Aden, ikaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Habari za bei ya karafuu ambazo zamani zilisubiri meli zikaanza kufika London kwa saa. Nguvu iliyozisukuma ilitoka katika betri za maji zilizopangwa kwenye rafu, na mtu aliyeajiriwa kuzikagua, kuongeza maji na kubadilisha zinki iliyolika.

Mwaka huo huo wa 1866 wa subana, Mfaransa Georges Leclanché alisajili betri yake. Aliacha asidi kali, akatumia maji yenye chumvi ya amonia, ufito wa zinki, na upande wa pili kaboni iliyozungukwa na unga mweusi wa oksidi ya manganizi. Unga ule ulimeza haidrojeni kabla haijawa kipovu. Volti moja na nusu. Haikuweza kazi ya mfululizo, lakini ilivumilia kukaa miezi bila kuguswa na kuamka ikiitwa, kwa hiyo kengele za mlangoni na simu za kwanza zikaipenda. Tatizo lake lilikuwa chupa ya maji: ikiinama, inamwagika.

Carl Gassner wa Mainz, Ujerumani, ndiye aliyelimaliza, kwa hati aliyosajili mwaka 1886. Alichanganya maji ya Leclanché na jasi yakawa uji mzito, na zinki, badala ya kuwa ufito ndani ya chupa, akaifanya iwe kopo lenyewe. Kuni zikawa ndizo jiko. Sasa betri ilipinduliwa, ikatikiswa, ikatiwa mfukoni. Kufikia mwisho wa karne hiyo Wamarekani walikuwa wameipachika ndani ya bomba lenye globu mbele, wakapata tochi. Kopo la Gassner likafunikwa, na kuanzia hapo mnunuzi hakuona tena kinachotendeka ndani.

Afrika Mashariki ilikutana na betri ikiwa imeshafunikwa. Tulizipokea pamoja na tochi za walinzi na hasa redio za transista, zilizoifikisha sauti ya Dar es Salaam na Nairobi kwenye vijiji ambavyo waya wa umeme haukuvifikia, na vingine haujavifikia. Viwanda vilifuata: Matsushita ya Japani ilitengeneza betri za National Dar es Salaam kuanzia miaka ya 1960, na Nakuru kukawa na kiwanda cha Eveready kilichofanya kazi hadi mwaka 2014, bidhaa za nje zilipokuwa zimejaa madukani. Lakini kifuniko hakikuwazuia watu wetu kuchungulia. Betri ya redio ikianza kukwaruza sauti, ilianikwa juani, juu ya bati au jiwe. Wataalamu wa mjini waliwacheka, bila sababu. Joto linaharakisha kemia iliyobaki na kuutembeza uji ulioanza kuganda, na mapumziko yenyewe yanaupa unga mweusi nafasi ya kumeza haidrojeni iliyorundikana. Redio inapata jioni moja zaidi ya taarifa ya habari. Lisichoweza jua ni kurudisha zinki iliyokwisha kuyeyuka, na ndiyo sababu kila ianikwapo, betri hurudi na nguvu pungufu, hadi siku kopo linatoboka na kuvuja ndani ya redio.

Betri zilizokufa zilikwenda shule. Katika shule nyingi za vijijini wanafunzi waliagizwa waje nazo, zikapasuliwa, unga mweusi ukatwangwa, ukachanganywa na maji na kupakwa ubaoni ili chaki isomeke. Manganizi ya Leclanché ikawafundisha watoto hesabu kwa namna ambayo yeye hakuifikiria. Ufito wa kaboni ulibaki kuwa wa kuchorea sakafuni. Kazi hiyo ilifanywa kwa mikono mitupu, na betri za zamani zilikuwa na kiasi kidogo cha zebaki na risasi. Leo nisingemshauri mwalimu yeyote airudie.

Aliyependa kujiundia yake miaka hiyo alikatishwa tamaa na globu. Globu ya tochi inataka umeme wa karibu theluthi moja ya ampea. Limau moja lenye msumari na waya linatoa chini ya sehemu moja ya elfu ya ampea. Unaweza kupanga malimau kutoka Tanga hadi Muheza kwa mstari mmoja na globu isiwake, kwa sababu kuyapanga mfululizo kunaongeza volti, wingi wa umeme unabaki ule ule. Watoto wengi waliishia hapo, wakaamini kwamba kitabu kimewadanganya.

Taa ndogo za LED zimebadilisha hesabu hiyo. LED nyekundu inaonyesha mwanga ikipata volti mbili hivi na umeme kidogo sana, ambao rundo la mezani linaumudu. Anayetaka kujaribu achukue misumari minne ya kupigilia mabati, ile inayong'aa kijivu kwa zinki, na vipande vinne vya waya wa shaba uliovuliwa ngozi ya plastiki na kukwanguliwa mpaka ung'ae. Malimau manne yaviringishwe mezani kwa kiganja yalegee ndani bila kupasuka. Kila limau lipate msumari na shaba, visigusane ndani. Shaba ya la kwanza iunganishwe na msumari wa la pili, na kuendelea hivyo. Miguu ya LED ipelekwe mwisho huku na mwisho huku, mguu mrefu upande wa shaba. Isipowaka, igeuzwe, kwani LED inakubali njia moja tu. Gizani mwanga utaonekana vizuri zaidi. Kwa kipimo cha fundi redio kila limau litasoma karibu volti moja, likiwa halijaunganishwa na kitu. Asiye na malimau atumie washa za shaba, washa zilizopakwa zinki na vipande vya boksi vilivyoloweshwa maji ya chumvi, vikiisha kukamuliwa visichuruzike. Hapo atakuwa amejenga rundo la Faraday lenyewe. Asidi ya betri ya gari haihitajiki katika jambo hili na isiletwe karibu na watoto.

Taa ikishafifia, chomoa msumari uutazame. Pale ulipozama, mng'ao umekufa na sehemu nyingine zinki imepukutika hadi chuma. Shaba iko vile vile, pengine imesafika zaidi. Zinki iliyopungua kwenye msumari sasa imo ndani ya limau, pamoja na chembe za chuma, kwa hiyo limau hilo lisikamuliwe kwenye chai wala mchuzi, litupwe.